Kufuata maji katika korongo la Zion

Anayeingia katika korongo la Zion kwa mara ya kwanza hutazama juu, wala hana lawama, kwa kuwa kuta za mwamba mwekundu zimesimama wima kushoto na kulia kwake, mahali pengine zikipita kimo cha mita 600, na jicho halipati pengine pa kutua. Mimi pia nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Lakini kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba anayetaka kuielewa hifadhi hii sharti ateremshe macho na kuufuata Mto Virgin, kwa sababu hakuna hata kitu kimoja kinachowavuta watu Zion, uwe mwamba, mti au njia ya miguu, ambacho maji hayakukipitia kwanza. Na kwa kuwa nimeipenda hifadhi hii kwa dhati, nitasema pia pale ninapoona kwamba mto huo haukutendewa haki.

Hifadhi ya Taifa ya Zion iko kusini-magharibi mwa jimbo la Utah, nchini Marekani, na ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 595. Wageni wengi wa mbali hushukia Las Vegas, kisha huchukua barabara kuu namba 15 kuelekea kaskazini-mashariki, mwendo wa takriban kilomita 260. Mimi nilikwenda mwezi wa Oktoba pamoja na dada yangu, mkazi wa Las Vegas, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Njiani, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Arizona, barabara hupenya korongo jingine ambako lami na mto vinabanana katikati ya magenge makavu ya chokaa, na mto huo ndio Virgin wenyewe, ukitoka Zion kwenda kujimwaga katika Ziwa Mead, lile bwawa kubwa la Mto Colorado. Kwa hiyo mgeni hukutana na mto kabla hajakutana na hifadhi. Baada ya hapo hupita St. George na Hurricane, akafika Springdale, mji mdogo ulio langoni.

Hili ni jangwa, na hilo halihitaji ushahidi mrefu. Mvua ya mwaka mzima katika korongo ni takriban milimita 400, ambayo ni pungufu hata ya ile ya Dodoma, nasi tunajua Dodoma inavyolilia mvua. Katika miezi ya Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Kwenye miteremko huota mipungate na vichaka vya majani madogo magumu, na juu kabisa, ambako theluji huanguka wakati wa baridi, kuna misonobari. Theluji hiyo ikiyeyuka ndiyo hujaza mito ya hifadhi katika miezi ya Aprili na Mei.

Mwamba wenyewe unaitwa mwamba wa mchanga wa Navajo, na ulianza maisha yake kama jangwa jingine, kubwa kupita hili la leo. Miaka takriban milioni 180 iliyopita upepo ulirundika hapa matuta ya mchanga, tuta juu ya tuta, kwa muda mrefu kiasi kwamba tabaka lake ndani ya Zion lina unene wa zaidi ya mita 600 mahali pengine. Baadaye matuta yale yalifukiwa chini ya matabaka mengine, na maji ya ardhini yaliyobeba madini yakapenya katikati ya chembe za mchanga na kuzigandisha zikawa jiwe. Rangi nyekundu inayopigwa picha kila siku ni kutu ya chuma, na pale ambapo mwamba ni mweupe, hasa sehemu za juu, maji yalipita tena baadaye na kuiondoa kutu hiyo.

Ushahidi wa matuta hayo unaonekana vizuri zaidi upande wa mashariki wa hifadhi, baada ya kupita handaki la kilomita 1.8 lililofunguliwa mwaka 1930, ambalo wajenzi wake walilitoboa ndani ya ukuta wa genge na kuliachia madirisha makubwa ya kutolea kifusi. Ukitoka upande wa pili, barabara hupita kando ya mlima wa mwamba unaoitwa Checkerboard Mesa, ambao uso wake umechanjwa mistari ya kukingama na ya kusimama. Tulisimama hapo, nikasogeza uso karibu na jiwe. Mistari ya mshazari hufuatana kwa umbali wa sentimita chache, kila mmoja ukiwa ni ubavu wa tuta lililokuwa likisukumwa na upepo, kisha ghafla hukatwa na mistari mingine inayolala upande tofauti, ishara kwamba upepo uligeuka au tuta jipya lilipanda juu ya lile la kale. Nilipopitisha kidole, chembe za mchanga zilibaki kidoleni, za mviringo, karibu zote za ukubwa mmoja. Hakuna maelezo ya kibao chochote yaliyonifundisha zaidi ya zile chembe.

Kilichofuata ni kazi ya mto. Nchi yote hii iliinuliwa polepole kutoka chini, na mto unaoinuliwa hupata mteremko mkali. Mto Virgin huteremka kati ya mita 10 na 15 kwa kila kilomita moja katika sehemu zake za hifadhini, na mteremko wa namna hiyo huupa nguvu ya kusukuma mawe. Kwa sababu hiyo hukata chini upesi kuliko unavyoweza kupanua kingo zake, na ndiyo maana korongo limekuwa jembamba na la kina.

Mahali ninapopapenda kuliko pote Zion ni kwenye mitiririko ya maji ya kutani. Chini ya mwamba wa Navajo kuna tabaka jingine, linaloitwa Kayenta, lenye mawe ya tope ambayo hayapitishi maji kwa urahisi. Mvua na theluji zinazoanguka juu ya nyanda huzama ndani ya mwamba wa mchanga, hushuka taratibu mno, na zikifika kwenye Kayenta hukosa njia ya kuendelea chini, zikatafuta njia ya pembeni mpaka zikatokeza ukutani. Watafiti waliopima maji yanayodondoka pale Weeping Rock, mojawapo ya kuta hizo, wamekadiria kwamba yalianguka kama mvua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Fikiria hilo: tone linalokuangukia begani liliingia mwambani wakati Kilwa bado haijawa mji wa dhahabu.

Njia ya Weeping Rock imewahi kufungwa kwa muda mrefu, kwa sababu mwezi Agosti 2019 kipande kikubwa cha mwamba kilimeguka kutoka Cable Mountain, juu yake, na kuporomoka mpaka karibu na kituo cha basi. Lakini anayetaka kuona mitiririko hiyo anaweza kuiona pia kwenye njia ya Riverside Walk, mwishoni mwa korongo, ambayo imewekwa lami na hata wazee na wenye watoto wadogo huimudu. Hapo ukuta hugeuka kuwa bustani. Makangaga laini yananing'inia kutoka kwenye mstari uleule ambapo matabaka mawili yanakutana, wala huhitaji mwalimu wa jiolojia kukuonyesha mpaka, kwa kuwa juu ya mstari ni jiwe tupu na chini yake ni kijani kibichi. Katika maji hayo membamba anaishi konokono wa Zion, mnyama mdogo wa milimita chache tu, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Nilikaa hapo nikitazama tone moja likikua kwenye ncha ya jani la kangaga, likavimba, likakatika, na jingine likaanza kujikusanya kabla la kwanza halijafika chini. Watu walipita nyuma yangu kwa haraka wakielekea mbele, na niliona huruma, kwa maana walikuwa wakiliacha jambo lililo nadra kuonekana jangwani.

Huko mbele walikokuwa wakienda ni The Narrows, mahali ambapo lami huisha, kingo huisha, na njia inakuwa mto wenyewe. Kuanzia hapo mtu hutembea ndani ya maji, akipanda juu dhidi ya mkondo, na bila kibali anaruhusiwa kufika mpaka Big Spring, takriban kilomita 7 na nusu kutoka kituo cha mwisho cha basi. Sehemu nyingine upana wa korongo ni mita 6 hadi 9 tu huku kuta zikipanda kiasi cha mita 300. Tulikodi viatu vya maji na fimbo ndefu Springdale, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu sakafu ya mto ni mawe ya mviringo yanayoteleza na kuviringika, na mguu hauoni unapokanyaga. Maji yalikuwa ya baridi ya kutia ganzi. Mahali pengine yalifika kwenye vifundo, mahali pengine mapajani, na katika kona moja yalinifika kiunoni, nikaegemea fimbo kwa mikono miwili mpaka nikavuka.

Uzuri wa mahali hapo nitauacha kwa wenye kamera. Nililolizingatia zaidi ni gogo. Katika sehemu iliyobanwa sana, juu ya vichwa vyetu, gogo nene la mti lilikuwa limekwama baina ya kuta mbili, na kwenye ufa wa karibu yake palikuwa na majani na vijiti vilivyoshindiliwa. Hakuna mtu aliyeviweka pale. Viliachwa na mafuriko yaliyopita kwa kimo hicho. Mvua kubwa ikinyesha juu ya nyanda, hata kilomita nyingi kutoka ulipo na hata kama juu yako jua linawaka, mwamba mtupu haunywi maji kwa kasi ile, na yote hukimbilia kwenye makorongo haya membamba. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 waliokuwa pamoja walikufa katika korongo dogo la hifadhi hii linaloitwa Keyhole baada ya kukutwa na mafuriko ya namna hiyo. Hifadhi huifunga The Narrows mto unapopita kiwango cha futi za ujazo 150 kwa sekunde, yaani takriban mita za ujazo 4, na pia kunapotolewa tahadhari ya mafuriko ya ghafla. Julai, Agosti na Septemba ndio msimu wa mvua hizo za radi. Anayekwenda asione aibu kumuuliza askari wa hifadhi asubuhi hiyohiyo, na akiambiwa pamefungwa, arudi bila kubishana.

Sasa nifike kwenye lile lililonikera. Katikati ya korongo, kwenye eneo la hoteli ya Zion Lodge iliyojengwa mara ya kwanza mwaka 1925, ardhi imetandazika kuwa uwanda mpana kidogo. Wanajiolojia wanaeleza kwamba miaka takriban 4,800 iliyopita upande mmoja wa mlima uitwao Sentinel uliporomoka ukauziba mto, likatokea ziwa lililodumu kwa karne kadhaa, na tope lililotuama katika ziwa hilo ndilo uwanda wa leo. Mto uliokuwa ukipita juu ya tope hilo ulikuwa ukihama huku na huko, ukila kingo hapa na kuacha mchanga kule. Mabonde ya namna hiyo ndiyo makao ya mipopla ya Fremont, miti mikubwa ya mtoni ambayo kila mwaka hupeperusha mbegu zenye pamba nyeupe. Mbegu hizo zina uhai mfupi, na huota tu zikiangukia tope bichi lililoachwa wazi na mafuriko.

Katika miaka ya 1930 vijana wa Civilian Conservation Corps, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa kazi vijana wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, waliujengea mto kingo za mawe yaliyofungwa kwa nyaya, ili usiharibu hoteli na barabara. Walifanya kazi kwa bidii na kwa nia njema, na njia nyingi tunazozikanyaga leo ni matunda ya jasho lao. Ila tangu hapo, katika sehemu hiyo ya korongo, mto umekuwa ukipita katika mfereji ulionyooka, haupandi uwandani, na hauachi tope bichi. Mipopla iliyokuwapo inazeeka na kufa bila warithi. Jambo la pili liliongezeka juu ya hilo: wageni walivyozidi, puma, wale paka wakubwa wa porini wa Amerika, walilihama korongo kuu, na paa wasiokuwa na wa kuwawinda wakazidi na kula michipukizi. Mwaka 2006 watafiti William Ripple na Robert Beschta wa Chuo Kikuu cha Oregon State walilinganisha korongo hili na bonde la North Creek, ndani ya hifadhi hiyohiyo, ambako puma bado wapo, wakakuta kwamba kule mipopla michanga ni mingi, na maua, vyura, mijusi na vipepeo pia ni wengi zaidi.

Nilitembea ukingoni kati ya hoteli na daraja nikitafuta mche wa mpopla mfupi kuniliko mimi, sikuuona. Niliona miti mizee, minene, gome lake limepasuka mifereji ya kuingia vidole, na chini yake nyasi na paa wanne waliolala kivulini bila kuwaogopa watu. Wageni waliwapiga picha kwa furaha. Kwa maoni yangu, pale ambapo kingo hizo hazilindi jengo wala barabara, ziondolewe na mto uachwe upande uwandani tena, hata kama utakula njia moja au mbili za miguu. Njia hujengwa upya kwa msimu mmoja. Msitu wa mtoni huchukua maisha ya mtu mzima.

Wala si kweli kwamba hifadhi hii haiwezi kufanya maamuzi magumu, kwa sababu imekwisha kufanya moja. Mwaka 1997 wageni walikuwa milioni 2.4, magari yakijazana korongoni na kuegeshwa juu ya mimea. Mwaka 2000 hifadhi ilianzisha mabasi yake, na tangu hapo, kwa sehemu kubwa ya mwaka, magari binafsi hayaruhusiwi katika barabara ya korongo. Mwaka 2021 wageni walipita milioni 5, na bado, ukishuka kituoni na basi likaondoka, unasikia mto. Ndani ya basi mzee mmoja, mzaliwa wa Bukavu anayeishi Salt Lake City, alitusikia tukizungumza akageuka. Dada yangu akampa shikamoo, naye akaitikia kwa Kiswahili cha Kongo, akatuonyesha wajukuu zake waliokuwa wakibishana kwa Kiingereza dirishani. Alisema kwao, pale Mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto kuheshimu maji kwa sababu ya uchache wake, bali kwa nguvu zake, na hapa amelazimika kufundisha yote mawili.

Kabla ya hifadhi palikuwa na watu. Wapaiute wa Kusini walilima mahindi kando ya Mto Virgin na kuyamwagilia kwa maji yake, mpaka walowezi wa Kimormoni walipofika katika miaka ya 1860 na kuzichukua zile kingo chache zenye rutuba. Magonjwa na njaa vilifuata, na Wapaiute wakapungua vibaya. Mwaka 1909 Rais William Howard Taft alipolitangaza korongo kuwa eneo la kulindwa, alilipa jina la Kipaiute, Mukuntuweap. Mwaka 1918 likabadilishwa kuwa Zion, jina walilolitumia walowezi, na mwaka 1919 ikawa hifadhi ya taifa. Serikali iliondoa utambuzi wa kisheria wa Wapaiute wa Utah mwaka 1954 na kuurudisha mwaka 1980. Habari hii inastahili nafasi kubwa kuliko ninayoweza kuipa hapa, na kila mgeni ajue kwamba jangwa hili halikukutwa tupu.

Najua wengi watauliza habari za Angels Landing, kile kilele chembamba ambacho hupandwa kwa kushika minyororo. Tangu Aprili 2022 hakipandwi bila kibali cha bahati nasibu, na naona ni sawa kabisa. Sisi tuliishia Scout Lookout, mahali pasipohitaji kibali, baada ya kupanda kona kali 21 zinazoitwa Walter's Wiggles, kwa jina la Walter Ruesch, msimamizi wa kwanza wa hifadhi. Kutoka hapo unauona mto wote ulivyojikunja chini, na ukibahatika unaweza kumwona kondori wa California, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Mwaka 2019 kifaranga cha 1,000 tangu juhudi za kuwaokoa zilipoanza kilianguliwa katika magenge ya Zion.

Mwenye siku moja tu afike kabla ya saa mbili asubuhi, apande basi moja kwa moja mpaka kituo cha mwisho, Temple of Sinawava, atembee Riverside Walk bila haraka na, kama kiwango cha maji kinaruhusu, aingie The Narrows mpaka pale atakapochoka. Wakati wa kurudi ashuke kwenye Zion Lodge, avuke barabara na kwenda ukingoni, atazame jinsi mto ulivyonyooshwa, kisha aulinganishe na ule alioukanyaga asubuhi. Abebe maji ya kunywa ya kutosha, na asiyachote mtoni, kwa sababu tangu mwaka 2020 imegunduliwa humo bakteria inayotoa sumu ambayo kichujio cha kawaida hakiiondoi. Kama atapata siku ya pili, aende mashariki, kule kwenye matuta yaliyogeuka jiwe.